Feni ya Bafu na Kikohozi cha Mama

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua imeanza. Daktari wa kliniki ameniambia niwe naandika kila siku jinsi Mama anavyokohoa, halafu nimpelekee mwezi ujao. Nimechukua shajara ambayo Swaib alipewa alikonunua friji ya bucha. Ni nzuri mno kuandikiwa kikohozi peke yake, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mama ni mama mkwe wangu, Rahema. Alikaa Timau maisha yake yote ya ndoa, na Agosti tukamleta hapa Meru mjini kwa sababu ya kifua. Swaib, mume wangu, anashinda kwenye bucha yake karibu na soko la Gakoromone. Binti yetu Amira yuko shule ya bweni. Mchana kutwa nyumba ina watu wawili, mimi kwenye cherehani na Mama kwenye kiti chake, na hatuongei mengi.

Leo alikohoa kidogo asubuhi. Bafuni alikohoa zaidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Chumbani kidogo. Bafuni sana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bafu letu limeharibika tangu jirani ajenge ghorofa. Zamani dirisha lake lilitazama uwanja wa watu. Sasa linatazama ukuta, mkono haupiti katikati, na maji ya mtaro wa paa la jirani yalikuwa yanaingia moja kwa moja hadi Swaib akaliziba kwa ubao. Choo na bafu ni chumba kimoja, na Mama anaoga maji ya moto ya kunyonyolea kuku, mazoea ya baridi ya Timau. Akitoka, mvuke unatoka naye. Silingi imeota ukungu mweusi kona zote.

Nikisikia amekaa ndani sana naenda kugonga. "Mama, uko sawa?" Jibu ni kikohozi. Nikigonga tena anakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Inaonekana mvuke unamkaba hata hawezi kutamka neno.

Jioni Abubakr alipiga simu kutoka Embu. Yeye ndiye mkubwa, kaka yake Swaib, na akiongea na simu huongea na ukoo mzima. Nilimsikia kutoka jikoni.

"Swaib, mimi nyumba yangu iko na madirisha pande zote. Nikuje Disemba nipate mama bado anakohoa, namchukua. Hiyo si maneno ya kubishana."

Swaib hakula vizuri. Anaamini mama yake akiondoka hapa watu watasema mke wake ndiye aliyemfukuza. Huyo mke ni mimi. Nami nikiwa mkweli na karatasi, sehemu yangu moja ilisema achukuliwe tu. Mwanamke anaitwa, anasikia, hajibu. Anajibu akipenda. Namwekea maji ya kuoga mtu asiyeniambia hata kama ni ya moto au ya baridi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Bafuni sana, kila nilipogonga.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mwalimu wa Amira alikuja kuchukua suti yake ya harusi, akaona silingi, akasema hiyo inataka feni ya kuvuta hewa. Swaib amekubali. Mimi ndiye wa kununua, kwa sababu yeye Jumamosi hawezi kuacha nyama.

Sikujua kununua feni ni mtihani. Duka la kwanza ni la Gikunda, pale tunaponunuaga balbu.

"Nataka feni ya bafu."

"Ya silingi ama ya ukuta?"

"Ya bafu."

"Nimesikia ni ya bafu, mama. Itakaa wapi?"

Nikasema kwenye silingi. Akauliza inchi nne au inchi sita. Nikauliza tofauti. Akasema sita ni kubwa. Akauliza paipu itatokea wapi, nikasema sijui, akasema basi sita. Sikuona hiyo "basi" ilitoka wapi.

Duka la pili walisema inchi nne inatosha nyumba yote, lakini lazima iwe na saa ya kujizima. Duka la tatu kijana akasema saa ni ya kuharibika tu. Muhimu ni kile kifuniko cha nyuma kinachojifunga upepo usirudi ndani, na hata hivyo nisinunue chochote kabla sijapima bafu urefu, upana na kwenda juu. Nikaondoka bila kitu, na kichwa kimejaa inchi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimepima bafu kwa futi ya kushonea. Mama alisimama mlangoni akiniangalia nimepanda ndoo, futi shingoni. Nikamwambia napimia bafu nguo. Hakucheka, lakini alinishikia ndoo.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimerudi kwa Gikunda na vipimo. Akasoma, akasoma maandishi ya kwenye boksi, akanionyesha namba ya hewa inayotolewa kwa saa. "Hii ya inchi nne inamaliza hewa ya bafu yako mara nyingi sana kwa saa moja. Ya sita utakuwa unavuta hadi majirani." Juzi yeye huyu ndiye alitaka kuniuzia ya sita. Nimeacha kutafuta maana, nimechukua ya nne, yenye kifuniko cha nyuma, bila saa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Fundi Murungi ameifunga. Alitoboa silingi, akapanda juu, akashuka na utando wa buibui kichwani. Swichi ameiweka nje ya mlango, kwa sababu ndani kuna maji. Inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, kwa mbali.

Nilimuuliza mvuke unaenda wapi. "Huko juu ya silingi. Kuna nafasi kubwa, utapotea tu."

Jumatatu, 27 Oktoba

Mama ameingia bafuni, nimemwashia feni. Nilisimama nje kusikiliza. Hakuna kikohozi. Nikagonga, hakuna kikohozi. Alipotoka mvuke ulikuwa mwingi vilevile, na mimi nimesimama pale sielewi. Mvuke upo, kikohozi hakipo.

Jumanne, 28 Oktoba

Bafuni hakukohoa kabisa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Bafuni hakukohoa. Chumbani kidogo.

Mvua haijakatika tangu juzi. Nguo zangu za wateja zinanuka moshi wa jiko kwa kukaushiwa ndani.

Jumamosi, 1 Novemba

Doa la kahawia limetokea kwenye silingi ya chumba cha Mama, juu ya kitanda chake hasa. Nilidhani bati linavuja. Swaib akapanda na tochi, akakuta mbao za juu zinatiririka jasho. Mvuke wa bafu haukupotea popote. Umekaa juu yetu wiki nzima ukitungojea.

Mama alikuwa amesogeza kitanda chake peke yake, hajamwambia mtu. Nilikasirika. Mtu ananyeshewa ndani ya nyumba na hasemi.

Jumatatu, 3 Novemba

Murungi amerudi.

"Ulisema nitoe mvuke kwa bafu," akaniambia. "Si niliutoa?"

"Nilitaka utoke kwa nyumba, Murungi."

"Hiyo hukusema."

Ameunganisha paipu hadi ukingo wa paa upande wa uani. Nilitoka nje nikaweka mkono pale mdomoni mwa paipu. Hewa ilikuja kidogo sana, kama ya mgonjwa. Murungi akasema ni sawa.

Alhamisi, 6 Novemba

Si sawa. Kioo cha bafuni bado kinalia kwa mvuke, silingi bado imelowa. Nimempigia Gikunda simu. Akaniambia nishike kipande cha tishu karibu na feni. Ikivuta, tishu itanata.

Nikajaribu mlango ukiwa wazi, tishu ikanata. Mama akaingia kuchukua udhu, nikamwomba anionyeshe anavyofunga. Akafunga mlango, halafu akachukua taulo kuukuu akalisokomeza chini ya mlango, pembe hadi pembe, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Huko Timau upepo wa mlima unaingia chini ya mlango kama mgeni asiyealikwa, na kila mtu ana taulo la kuuzuia. Nikashika tishu tena. Ikaanguka kwenye beseni.

Gikunda anasema feni haiwezi kutoa hewa kama hewa nyingine haiingii. Yaani dirisha tumeziba kwa ubao, mlango tumeziba kwa taulo, halafu tunauliza kwa nini feni inanguruma bure. Hili nimelielewa. Ni jambo la kwanza kulielewa tangu mvua ianze, na nimeliandika nisije nikalisahau.

Kilichobaki sikielewi. Kama feni ilikuwa haifanyi kazi, nani alimponya Mama kikohozi cha bafuni?

Jumanne, 11 Novemba

Natoa taulo. Mama analirudisha. Natoa. Analirudisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Kliniki. Daktari alisoma shajara, nikamfungulia kurasa za kikohozi tu. Akaona Oktoba "sana, sana, sana", halafu kuanzia feni "hakukohoa, hakukohoa". Akanisifu. Alitaka kujua ni feni ya aina gani ili awaambie wagonjwa wengine. Nikamtajia inchi nne kwa sauti ya mtu anayejua.

Swaib alimpigia Abubakr hapohapo. Abubakr akasema, "Basi kama ni hivyo, akae. Mwambie Mama Amira amefanya kazi." Sijawahi kusifiwa na shemeji yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kuliko nilivyotarajia, na ile sehemu yangu iliyotaka achukuliwe sikuisikia ikisema kitu.

Mama njiani alinishika mkono tu tulipovuka barabara.

Jumatatu, 17 Novemba

Kioo hakilii tena taulo likiwa limetolewa. Silingi inakauka. Nimesugua ukungu wake kwa jiki.

Alhamisi, 20 Novemba

Naandika haraka, mwandiko utavumiliwa.

Asubuhi tuligombana. Nilichukua lile taulo nikalitia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, ili lisiwezekane tena. Mama akaliona. Akasema, "Baridi ndiyo itaniua, si mvuke." Nikamwambia, "Mama, daktari mwenyewe amesifu." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Kabla ya adhuhuri nikasikia mlango wa bafu. Nikanyanyuka nikamwashia feni, nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na sare za kwaya ya watu wa kanisani za kumaliza. Nikashona kola, nikashona nyingine. Feni inanguruma. Nikaona amekawia, nikaenda kugonga.

"Mama, uko sawa?"

Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Nikajisemea, amenikasirikia, anajua nimesimama hapa na ameamua kuninyima hata kikohozi. Nikasema kwa sauti, asikie, "Haya, Mama, kaa na hasira zako." Nikachukua chakula cha Swaib nikaenda nacho buchani.

Nilikaa huko. Nilingoja mvua ipungue. Nilimlalamikia Swaib juu ya mama yake mbele ya wateja, naye akaendelea kukata mbavu za ng'ombe.

Niliporudi feni bado inanguruma. Kilichonipata hakikuwa wasiwasi. Ilikuwa hasira ya tokeni za stima zinazoteketea. Nikaizima kwa nguvu.

Nyumba ilipotulia nikasikia kikohozi. Kidogo, chini, karibu na sakafu. Halafu kimya. Halafu kingine.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Nikaleta kisu kirefu cha Swaib cha Idd, nikakipitisha kwenye upenyo nikalisukuma komeo juu. Mama alikuwa chini kati ya choo na ukuta, kanga imelowa, mguu mmoja umekunjika upande usio wake. Midomo ilikuwa ya bluu kwa baridi. Nilimvuta nje kwa makwapa, na alipovuka kizingiti tu akaanza kuongea, kana kwamba maneno yalikuwa yamesubiri pale mlangoni.

"Ulipogonga nilikujibu," akasema. "Mara zote mbili nilikujibu."

Nikamwambia sikusikia kitu.

"Nilikohoa. Baadaye nikaona nitakufa, nikakuita kwa jina, Mungu anisamehe na mahali penyewe. Hiyo mashine yako inameza kila kitu. Nilikusikia wewe ukisema nikae na hasira zangu."

Nilikaa sakafuni nikalia, na yeye ndiye aliyekuwa akinipangusa.

Ijumaa, 21 Novemba

Hospitali wamesema kifundo cha mguu kina ufa. Wamefunga plasta hadi gotini.

Nimelala vibaya kwa kuwaza lile neno, nilikujibu. Leo nikiwa namlisha uji nikamuuliza alikuwa na maana gani, kujibu kwa kukohoa. Akaniangalia kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"Mtu haongei chooni. Ukigongewa unakohoa, anayegonga anajua uko ndani na uko salama. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Niliposilimu shangazi yake Swaib alinikalisha siku nzima. Kuingia mguu wa kushoto, kutoka mguu wa kulia, usiongee ndani. Lakini Swaib mwenyewe hununua mbuzi kwa simu akiwa bafuni, kwa hiyo lile la kutoongea nililiweka kwenye mambo ya wazee. Na kwetu Mbeere, nilikozaliwa nikiitwa Igoki, choo ni cha nje na mlango wake ni gunia. Mtu akiwa ndani huimba. Mama yangu Jedidah aliimba beti zote za wimbo, tukajua tusikaribie. Kikohozi kwetu ni ugonjwa.

Kwa hiyo Oktoba nzima mimi nagonga kwa wasiwasi, yeye anajibu kwa adabu, mimi naandika "sana". Kadiri nilivyogonga ndivyo alivyozidi kuumwa kwenye karatasi. Halafu tukaleta feni, ikazima majibu yake yote, nami nikaandika amepona, na daktari akanisifu. Nimesoma kurasa hizi upya na sijui tena siku gani alikuwa mgonjwa na siku gani alikuwa ananiambia tu kwamba yupo.

Nilidhani hanijibu. Kumbe hakuna aliyewahi kunijibu kwa bidii hivyo.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemwambia daktari. Alicheka, halafu akaacha. Amempima kifua upya. Anasema kimekuwa afadhali kidogo, huenda ni ile silingi iliyokauka, huenda siyo. Hata yeye hajui. Tumekubaliana niandike kikohozi cha chumbani tu.

Jumamosi, 29 Novemba

Abubakr amejua. Swaib alimwambia yote, hata mambo ya buchani. "Jumamosi ijayo nakuja na gari," akasema, na safari hii hakukuwa na "nipate mama bado anakohoa".

Jumanne, 2 Desemba

Nimepanga nguo za Mama kwenye sanduku. Nimezipanga polepole sana.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua imebaki manyunyu. Abubakr alifika mapema, amenyoa, amevaa koti la safari. Hakunilaumu, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenilaumu. Alisema tu, "Mama Amira, umejaribu." Kwake bafu halina kizingiti, dirisha ni pana, na mke wake anashinda nyumbani. Yote ni kweli. Swaib alikwenda kusimama uani karibu na ile paipu, akiitazama, mikono mfukoni.

Mama akasema ataoga kwanza ndipo asafiri.

Tangu avunjike mimi huingia naye. Nimemkalisha kwenye stuli, mguu wa plasta juu ya ndoo, umefungwa karatasi ya nailoni. Feni hatuwashi tukiwa ndani. Tunaiwasha tukishatoka, mlango ukiwa wazi, na inafanya kazi vizuri tu hivyo, jambo ambalo hakuna duka hata moja lililoniambia. Nilimwagia maji mgongoni. Hatukuongea. Nilikuwa nalia, na mvuke ulinificha.

Abubakr akagonga. "Mama, nitoe sanduku?"

Mama hakukohoa. Alinitazama, akangoja. Abubakr akagonga tena, "Mama? Uko sawa?" Bado alinitazama tu, na mimi nikakohoa kwa niaba yetu sote wawili, kikohozi kibaya cha mtu asiyezoea. Mama akatikisa kichwa polepole, akanipa mgongo niendelee kumwagia.

Huko nje nikamsikia Abubakr akimwambia Swaib, "Hiyo kifua bado ni mbaya sana. Nilisema mimi."

Nilimfuta, nikamvika, akaniegemea begani. Alitoka kwa mguu wa kulia, ambao ndio wa plasta, ikatuchukua muda. Abubakr alikuwa ameshika sanduku tayari.

"Liweke chini," Mama akamwambia.

"Mama, tulishaongea."

"Nyinyi ndio mliongea. Baba yako aliniacha na akili zangu." Akavuta pumzi, akanibana bega. "Embu ni kuzuri, mwanangu, na nyumba yako ni nzuri. Lakini nikikohoa huko, mtanipa dawa."

Abubakr alituangalia mmoja baada ya mwingine, haelewi hata kidogo. Sikumweleza. Nilichukua sanduku mkononi mwake nikalirudisha chumbani.